Ubaridi wa Kumpeleka Mama Kabungu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mama atapasuliwa jicho Alhamisi hapa Mpanda. Mtoto wa jicho. Miaka mingi sasa ananijua kwa sauti tu. Daktari kasema Ijumaa bandeji inatolewa, arudi Kabungu, ila vumbi lisimguse. Likiingia kwenye kidonda, jicho linaweza kufa. Maneno mazito. Nilivua kofia.

Swali: nani atampeleka? Barabara ya Kabungu mwezi huu ni unga mtupu. Dada yangu Gaudensia akasema mumewe, Celestin. Eti gari lake lina AC, vioo vitafungwa. Na mimi, kifungua mimba, niende kwa miguu? Nikasema gari langu nalo lina AC, niliwahi kubebea samaki aina ya migebuka kutoka Karema, wakafika wanatetemeka. Gaudensia akauliza mbona siku zote naendesha kiwiko kiko nje. Nikasema huo ni ustaarabu, nasalimia watu.

Ukweli, nauandika hapa tu: AC ile haijawahi kupuliza baridi tangu ninunue gari. Ukibonyeza kifungo, injini inalia kama mbuzi wa Idi.

Jumanne, 3 Septemba

Fundi Naseeb kafungua boneti. Kasema kompresa ya AC imekwama, haizunguki. Ushauri wake: tuitoe, afunge mkanda mfupi, niendeshe vioo wazi kama binadamu wengine. Nikamwambia mimi nimeendesha malori Kongo kabla hajaota jino. (Nilikuwa utingo. Mara moja. Tuliishia Uvinza, hapa hapa nchini.) Akasema haya mjomba, gari ni lako.

Kwanza watu waamini AC inafanya kazi. Nimezunguka mji mzima vioo juu, nimevaa sweta. Sweta la sufu! Sokoni watu wamesimama kunitazama. Jasho limefika kwenye soksi. Celestin akagonga kioo, akauliza, shemeji, mbona umelowa? Nikasema ni umande. Baridi ikizidi hutoa umande, sayansi ya darasa la tano hiyo. Akasema sawa shemeji, lakini Ijumaa atapita nyuma yetu, taratibu tu. Wivu!

Alhamisi, 5 Septemba

Mama kapasuliwa salama. Mungu mkubwa.

Kompresa nimeing'oa mwenyewe. Mkanda ukabaki umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikautoa pia. Mkanda wa AC bila AC, wa nini? Nikawasha. Sauti laini, mbuzi kanyamaza. Naseeb na mkanda wake mfupi, alitaka tu kuniuzia.

Mpango: barafu za mifuko kutoka kwa mama Iman anayeziuza, ndani ya beseni, chini ya dashibodi. Feni inapuliza juu yake. Vioo juu. Nani atajua?

Ijumaa, 6 Septemba

Bandeji ikatolewa. Mama akapepesa. Sura ya kwanza aliyoiona ni yangu. Sweta na jasho. Akanitazama sana. Akasema, Lyamba, umezeeka mwanangu, unaumwa? Nikasema hapana Mama, najiandaa na baridi ya gari.

Nje akapapasa mlango, pale rangi ilipobanduka. Nilikuwa nimemwambia gari ni jipya. Akapangusa vidole, akaingia.

Tulitoka mjini vizuri. Kibaridi kilikuwepo, naapa! Halafu mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Mvuke. Gari likazima porini. Barafu ikawa maji, maji yakawa miguuni kwa Mama. Mle ndani tanuri la matofali. Mama akaanza kuhema, akaomba hewa. Nikamfungulia mlango. Papo hapo lori la tumbaku likaja, limeburuta vumbi kama ukuta.

Nikavua sweta, nikamfunika kichwa chote, nikamkumbatia hadi lori likapotea. Nilisikia moyo wake unadunda. Au wangu.

Celestin akafika. Akachungulia injini, akauliza mkanda unaozungusha pampu ya maji uko wapi. Nikasema nyumbani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mama akahamia kwake. Kabla mlango haujafungwa akaniambia, mwanangu, vumbi sikuliona. Hayo mengine yote nimeyaona.

Wakaondoka, vioo juu. Mimi nikabaki na beseni.

Jumapili, 8 Septemba

Jicho zima! Gaudensia kapiga simu: Mama anahesabu kuku wa jirani.

Kijiweni nimeeleza kwamba baridi ilizidi, injini ikashikwa na nimonia. Mzee Abednego kaamini nusu. Naseeb kafunga mkanda mfupi, gari linatembea. Kasema sasa mjomba, vioo wazi, yaishe.

Nimetafakari sana, hata kanisani. Kosa nimeliona. Beseni moja halitoshi.

Mwezi ujao Mama anapasuliwa jicho la pili. Nimeshamwambia Gaudensia asimsumbue mumewe. Kisha nikapita kwa wauza mitumba, nikachagua sweta jingine, zito, la kike.

La Mama. Mle ndani atasikia baridi.