Kiti cha Tatu

Jumamosi, 3 Mei

Nimecheka hadi kofia imedondoka. Astaghfirullahi! Mtu wa miaka sabini na moja, aliyesomesha fikihi miaka arobaini, kupigapiga miguu juu ya zulia! Lakini ni nani angestahimili? Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, wachekeshaji wawili wa televisheni, Mrefu na Mfupi, huketi mbele ya filamu mbovu. Filamu inakwenda, nao wanaikejeli. Leo chombo cha angani kilikuwa mfuniko wa sufuria, na uzi uliokining'iniza ulionekana waziwazi. Mfupi akauliza huko nyumbani wanapikaje bila mfuniko.

Suala la kisheria nimekwisha kulimaliza. Kumkejeli mja hakujuzu. Filamu si mja. Haina moyo wa kuvunjika. Mama Watoto akauliza, na aliyeitengeneza je? Nikamjibu kwamba hapo pana mjadala mpana, nikaongeza sauti ya televisheni.

Fundi alikuwapo, upande wake wa kushoto wa kochi. Ni mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Hana televisheni, na mwaka wa tisa huu tunatazama pamoja. Rafiki wa kweli, ila ana ila moja: huwatangulia wachekeshaji. Leo alisema yule jambazi amevaa pazia la sebuleni, na pete zake za kutundikia bado zimo. Mama Watoto akacheka hadi akashika ukuta. Binti yangu, muuguzi, akalia machozi. Mimi nikisema mzaha wangu, huniambia: Enhe, Baba, halafu? Halafu nini? Umekwisha!

Kisha habari kubwa. Mrefu ametangaza kiti cha tatu! Mtazamaji ajirekodi dakika tano akiikejeli filamu yoyote; atakayeshinda atakaa nao mwezi mzima. Fundi akanipiga kofi la paja, akasema, Maalim, hicho kiti ni chetu.

Chetu! Kiti kimoja, watu wawili.

Jumapili, 4 Mei

Sikutulia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Katika sala ya adhuhuri, nikiwa nimerukuu, nilikiona kiti. Kina mto mwekundu. Nikairudia sala.

Filamu nimeipata: mamba anashuka kutoka mwezini na kula wataalamu wa nyota. Mbovu kupita kiasi! Nikamwita Fundi tuijaribu. Nimetumia njia tuliyosomeshwa sisi: kwanza matini, kisha sharhi. Filamu ikitoa tukio, naisimamisha, nalifafanua tukio, natoa kejeli, naendelea. Katika muda wa saa nzima tuliona dakika nne. Nilipokuwa nabainisha kwamba mamba ni kiumbe wa majini, ilhali mwezi kwa kauli ya wajuzi ni mkavu, Fundi akasinzia.

Akaamka ghafla, akautazama mgongo wa mamba, akasema: zipu ya huyu imeshonwa kwa nje, hawezi hata kwenda haja bila kumwomba jirani.

Mama Watoto aliliacha fagio likaanguka. Nami, sitaficha, nilicheka. Kisha nikaingia chumbani nikaliandika neno hilo lilivyo, lisije likapotea.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemaliza daftari. Kejeli thelathini na nane, kila moja na dibaji yake.

Ikabaki ya zipu. Kuiacha ni ubadhirifu. Kuitaja kwa jina la Fundi ni kumwita kitini. Nimefikiri tangu alfajiri, nikazunguka meza hadi Mama Watoto akaniuliza kama nimepoteza kitu. Ndipo nikawakumbuka wazee wetu wa vitabuni. Wao, wasipotaka kumtaja msemaji, huandika neno moja tu: "imesemwa". Haki ya mtu haikuliwa. Jina tu limepumzishwa. Nimeiandika kwa wino mwekundu: Imesemwa, zipu ya huyu imeshonwa kwa nje, hadi mwisho.

Amenijia Fundi akiuliza tunarekodi lini. Nikamwambia Alhamisi, inshallah, tuna kazi. Kurekodi ni Jumatano. Sikusema uongo. Alhamisi pia kuna kazi. Hakuna siku isiyokuwa na kazi yake.

Jumatano, 7 Mei

Tumerekodi! Binti yangu alitoka zamu ya asubuhi, akaishika simu bila kuvua sare. Nilivaa joho la mahafali. Nikaketi wima.

Nikaanza kwa kumhimidi Mola, kama ipasavyo kila jambo lenye uzito. Nikaieleza filamu ni nini kilugha, kisha ni nini kiistilahi. Nikaweka wazi kwamba simkusudii mtu yeyote kwa ubaya, aliye hai wala aliyekufa. Hapo zilikwisha dakika tatu na nusu. Binti akaninong'oneza, Baba, mamba anakusubiri.

Hakunisubiri! Kanuni za shindano zinakataza kusimamisha filamu. Nilipomaliza kejeli ya kwanza, iliyomhusu mtaalamu wa kwanza, mamba alikuwa anamtafuna wa nne. Nikafunua kurasa kwa haraka, zikashikana. Zimebaki sekunde ishirini! Jicho likaangukia wino mwekundu. Nikasoma kwa sauti ya darasani: Imesemwa, zipu ya huyu imeshonwa kwa nje.

Binti akabana kicheko, picha yote ikatikisika. Akasema hiyo ya mwisho nimeipatia. Nikamwambia zote nimezipatia. Atume kama ilivyo. Ametuma.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi alibisha hodi mapema. Shati jipya, kashona mwenyewe. Ndevu zimechongwa. Alisema usiku kucha alikuwa akimsomea mkewe vichekesho vya mamba, na mkewe amemhamishia sebuleni.

Nikamwambia kazi imeshafanyika.

Akakitazama kile kifungo cha juu cha shati, akakifungua taratibu. Akasema: Maalim, ungeniambia tu kwamba hunitaki, mimi ni mtu mzima. Hakupandisha sauti. Akaenda zake.

Kwa kawaida cherehani yake husikika ukutani kutwa nzima. Leo kimya. Kimya hicho kimenisumbua, sikuweza hata kusoma. Mama Watoto aliniuliza inakuwaje kumwacha rafiki wa miaka tisa kwa ajili ya kiti cha mbao. Nikamjibu kwamba hatujui kama ni cha mbao.

Jumamosi, 10 Mei

Wametuonyesha! Wamenionyesha!

Niandike kwa utulivu. Upande wa kushoto wa kochi ulikuwa mtupu. Niliweka vitabu hapo, pengo lisionekane. Kipindi kikaanza. Mrefu akasema zimeletwa rekodi mia mbili, ila moja imewashinda, nayo wataitazama yote. Nikatokea mimi na joho langu.

Wakaanza kunikejeli.

Filamu yao ya leo ndiyo mimi! Nilipohimidi, Mfupi aliinama kwa adabu, na hapo sina neno. Nilipofika kwenye maana ya filamu kiistilahi, alitoa mto chini ya kiti, akalala, akakoroma. Alipogutuka akauliza tumefika wapi; Mrefu akamwambia, lala mwanangu, bado dibaji. Mfupi akasema mamba huyu hali watu kwa njaa, anakula kupitisha muda. Binti yangu aliuma mtandio. Mama Watoto alitoka chumbani, akarudi, akatoka tena.

Kisha zipu.

Mrefu alianguka kutoka kitini. Naapa, alianguka! Wakairudia mara tatu. Walipotulia, Mrefu alifuta macho akaitazama kamera. Akasema: mzee wetu tunakushukuru sana, ila wewe pumzika nyumbani. Tunayemtaka ni huyo Imesemwa. Ni nani? Yuko wapi? Kiti cha tatu ni chake, tuletewe jina lake kabla ya Ijumaa.

Sebule nzima ikanigeukia. Watu wawili tu, lakini walionekana wengi.

Jumapili, 11 Mei

Mama Watoto amesema neno moja linatosha: Fundi, kiti ni chako. Amesema hatalisema yeye, kwa kuwa si yeye aliyelificha. Amenipa hadi Ijumaa. Binti naye alipita asubuhi akielekea kazini; akaniambia hospitalini watu hulia kwa kukosa kuombana radhi wakati wangali na sauti. Nikamwambia asichelewe, gari lisije likamwacha.

Nimekwenda mlangoni kwa Fundi mara nne. Ya kwanza nilirudi kuchukua bakora. Ya pili nilirudi kuirudisha. Ya tatu nilisikia cherehani, nikaona si adabu kumkatiza mtu na riziki yake. Ya nne nilibisha.

Alifungua na pini mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa. Hata dibaji nilikuwa nimeifupisha! Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu ikisema nina kanzu imelegea mabegani.

Akatoa pini. Akasema atakuja kunipima kesho.

Jumatatu, 12 Mei

Amekuja, na utepe wake shingoni. Alinipima mabega. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisema: tumezeeka, Maalim, tukinuniana sisi kwa sisi nani atambeba mwenzake? Nikasema kweli. Akasema basi yameisha.

Kisha, kwa kuwa hana televisheni, akauliza matokeo. Nikasema suala linaangaliwa. Akauliza, walicheka wapi? Nikasema, kwenye zipu. Alicheka hadi pini zikatawanyika zuliani, tukapiga magoti wote wawili kuziokota. Hapo chini, uso kwa uso, akaniambia ananiombea nikipate kiti hicho, na kwamba kanzu ya kukalia kitini atanishonea yeye, zawadi kutoka kwake. Machozi yakanilengalenga. Yeye pia. Neno lilikuwa hapa, ncha ya ulimi!

Akauliza kuhusu mifuko. Nikasema miwili, mikubwa, ya kuingia daftari.

Sasa yuko sebuleni anakunywa chai, nami nimejifungia humu kuandika barua kwa Mrefu na Mfupi. Nimewaeleza kwa upole makosa saba waliyoyafanya katika kunikejeli, likiwamo la mto. Kisha nikaingia kwenye suala lao. Nimesema kwamba wajuzi wamehitilafiana juu ya Imesemwa ni nani, na kauli yenye nguvu ni kwamba aliishi zamani. Elimu yake haikuandikwa popote. Aliyebaki nayo ni mmoja tu, ambaye sahihi yake iko hapa chini, na ambaye kanzu yake itakuwa tayari Alhamisi.

Mbele ya jina la Imesemwa nimeandika: Mwenyezi Mungu amrehemu. Nimelipima neno hilo pande zote na sikuliona kuwa ni uongo. Rehema huihitaji hata aliye hai.

Nasikia Mama Watoto anacheka huko sebuleni. Fundi kasema jambo. Naliacha hapa, nikalisikilize kabla halijapoa. Wino mwekundu bado upo.