Bwawa Langu Halina Hatari

Jumapili, 8 Machi 1998. Murungu.
Baada ya ibada nimekaa juu ya tuta la bwawa langu. Maji yamejaa, mawingu yanapita ndani yake polepole. Nikaona kabisa: perege elfu, bata weupe, wageni kutoka Kasulu wakipiga makasia. Nimelichimba kwa jembe, miaka miwili. Mke wangu Immakulata kaniita mara tatu nikale. Sikusikia.

Jumatatu, 9 Machi.
Balaa. Barua ya wilaya. Alhamisi anakuja mkaguzi kuyapanga mabwawa ya watu binafsi kwa madaraja ya hatari. Karani wa kata kanieleza: kama bondeni, chini ya bwawa, hakuna anayeishi, hatari ndogo, unaachwa. Wakiwepo watu, hatari kubwa, maji yanapunguzwa. Bondeni kwangu kuna nyumba moja tu. Ya mama mkwe.

Jumanne, 10 Machi.
Mbinu imepatikana. Alhamisi mama mkwe awe Makere, kwa binti yake mdogo. Nyumba nitaiita ghala. Lakini mimi kumwambia mkwe aondoke kwake, hata siku moja? Ningetazama wapi? Nimemtuma Nsengimana, mshenga wangu wa zamani, na mtungi wa pombe ya ndizi. Mtungi mkubwa, mama aone namheshimu. Mama kakubali. Immakulata akauliza kwa nini nisichimbe tu njia ya kutolea maji ya ziada. Haoni mbali.

Alhamisi, 12 Machi.
Mtungi wa mkwe haunywewi na mtu mmoja. Nilisahau. Mama mkwe kasogeza safari mbele, kaita majirani wamuage. Mkaguzi kafika, nikamwonyesha ghala. Uani watu thelathini na wanne wamezunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake, wanaimba. Akawahesabu kwa kidole. Hatari kubwa. Akasimama pale mpaka tukakata mfereji pembeni mwa tuta. Nusu ya maji yangu ikaenda. Nililia, sioni aibu kuandika.

Jumapili, 15 Machi.
Jana mchana mvua ya ajabu. Maji yalitoka mferejini yakinguruma, yakapita hatua kumi kutoka mlango wa mama mkwe. Alikuwa ndani, amelala. Immakulata kashinda naye, kamshika mkono.

Leo kumetulia, mawingu yamerudi majini. Nimefikiri sana. Tuta halikupasuka. Nyumba ipo. Mama mkwe yupo, anapepeta maharage. Ushahidi gani tena unatakiwa? Nimemwandikia mkaguzi kwamba alikosea.

Kesho, Immakulata akienda shamba, naziba mfereji.