Gari Kama Lilivyo na Mahali Lilipo

Punguzo alikwenda kwa fundi cherehani kupunguziwa kiuno cha suruali. Alirudi nyumbani na suruali ileile, kiuno kilekile, na homa ya gari.

Fundi alikuwa mama mtu mzima, mjane, miwani yake imefungwa uzi mweusi, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alimtazama Punguzo juu ya miwani, akamwambia, "Pita huko nyuma ukajaribu, mwanangu. Usinivulie hapa mbele za wateja."

Punguzo akapita mlango wa nyuma wa duka, akatokea uani. Pale uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, chini ya turubai lililochoka na maisha, akaona kitako chekundu.

Kitako cha gari, jamani. Msiende mbali.

Kilikuwa kipana, kimeinuka kidogo, na mabomba mawili ya moshi kila upande. Punguzo akainua turubai kwa vidole viwili, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Gari la spoti! Milango miwili, viti vya ngozi, tumbo limelala karibu na ardhi kama paka anayevizia. Alisimama pale na suruali mkononi mpaka jogoo akaona haya akaondoka.

Punguzo alikuwa dalali wa magari, na katika udalali wake alikuwa na hotuba mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya wauzaji, nayo ilieleza jinsi gari linavyoshuka bei. Ya pili ilikuwa ya wanunuzi, nayo ilieleza jinsi linavyopanda. Zote mbili zilikuwa za kweli. Ujanja ulikuwa katika kuchagua nani asikie ipi.

Akarudi dukani amevaa, uso umejaa msiba.

"Mbona hivyo?" fundi akauliza. "Imekubana?"

"Suruali haina neno, mama. Ni huruma tu. Nimeona lile gari kule nyuma. Nikasema, masikini, mama huyu anaibiwa na hajui."

"Naibiwa na nani?"

"Na miaka, mama."

Akaazima chaki ya fundi, akachora kwenye kitambaa cheusi mstari unaoporomoka kama bembea ya kutelezea watoto. "Gari jipya, siku linapotoka dukani, limeshaacha robo ya bei yake pale mlangoni. Mwaka wa kwanza linashuka, wa pili linashuka, wa tatu usiseme. Na hili la spoti ndiyo balaa. Linakunywa mafuta kama limelipiwa na mtu mwingine. Spea zake mpaka zivuke bahari. Watu wa bima wakiliona wanafunga dirisha. Kila mtu analitaka kwa macho, mama, hakuna anayelitaka kwa mfuko."

"Kwa hiyo hata sasa tunavyozungumza linashuka?"

"Linashuka."

Fundi akageuka kutazama uani, kana kwamba angeliona likididimia ardhini. "Basi tufanye haraka, mwanangu," alisema.

Wakapatana kwa bei ya pikipiki mbili zilizochoka.

Jioni hiyo Punguzo alikuwa kwa daktari wa meno, bachela mwenye fedha na asiye na pa kuzipeleka, akimpa hotuba ya pili. "Daktari, gari linashuka, sikatai. Lakini lina mahali linafika, halishuki tena. Wenzake wote wameshakatwa vyuma chakavu, limebaki peke yake mjini. Hapo linaanza kupanda! Ukilinunua chini kabisa, hujanunua gari. Umenunua kiwanja chenye magurudumu."

Daktari, aliyezoea kuwaambia wengine wafungue mdomo, alikaa amefungua wake. Akakubali kulipa mara nne ya bei ya fundi, kwa sharti moja: alione limesimama mbele ya geti lake.

Ikabaki mtaji. Mke wa Punguzo alikuwa msusi. Kwa miaka sita alikuwa akisuka vichwa barazani, jua likimhamisha kutoka pembe hii hadi ile, akiweka kidogo kidogo ili siku moja afungue saluni yenye paa. Punguzo alimbembeleza siku tatu. Siku ya nne mke akampa bahasha.

"Hii ni saluni yangu," akasema. "Naiweka mkononi mwako. Ikipotea, mume wangu, usije kunieleza. Nenda moja kwa moja kwa mama yako."

"Siku mbili tu, mke wangu. Inarudi na wenzake."

Sasa hofu ya Punguzo ilikuwa moja: asije akatokea mtoto wa yule mama, au mpwa mwenye simu ya kisasa, akamwonyesha bei ya kweli, naye akajuta. Kwa hiyo mkataba aliuandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, na ndani yake akatia sentensi aliyowahi kuisikia mnadani, akaipenda kwa uzito wake: *Muuzaji ameuza gari kama lilivyo na mahali lilipo, na hakuna kurudishiana.*

Fundi aliisoma mara mbili. "Hii 'mahali lilipo' maana yake nini?"

"Lugha ya sheria tu, mama. Yaani usijisumbue kuniletea. Nitakuja kulichukua mwenyewe."

"Utakuja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya." Akatia sahihi, kisha akaongeza dole gumba, kwa usalama.

Kesho yake saa nne asubuhi Punguzo alifika na lori la kukokota. Dereva wake, mtu mnene mwenye maneno machache, alipita dukani, akatoka uani, akalizunguka gari. Kisha akauzunguka ua. Akauzunguka tena.

"Geti liko wapi?" akauliza.

"Geti si liko..." Punguzo akainua kidole, akageuka nacho. Mbele palikuwa na duka. Kulia, vyumba vitatu vya wapangaji. Kushoto, vingine vitatu. Nyuma, ukuta wa ghorofa la jirani. Kidole kilizunguka pande zote nne, kikarudi kwa mwenyewe bila jibu. Mara zote alizokuja alipita mlango wa duka, na mlango ule hata mtu mwenye ndoo mbili hupita kwa kuomba radhi.

"Mama!" akaita. "Hili gari liliingiaje?"

"Kwa geti, mwanangu," fundi akajibu kutoka kwenye cherehani. "Marehemu aliliingiza, mwaka uliofuata akafariki. Mimi nikajenga vyumba, maana gari halilipi kodi."

"Na geti?"

"Yule kijana wa kuchomelea vyuma, chumba cha pili, alilikata. Ndilo mlango wake."

Dereva wa lori akadai nauli yake ya kuja bure, akaipata, akaondoka akitikisika mabega.

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri sana, nikaogopa kukukatiza." Fundi akang'ata uzi. "Wewe ni wa nne, unajua? Wa kwanza alinifundisha habari za miaka. Wa pili, spea. Wa tatu, bima. Lakini mwenye kuchora na chaki ni wewe peke yako."

"Wa nne! Na hao wengine?"

"Waliniuzia tena. Nawe ukitaka nitalichukua, kwa theluthi."

"Theluthi! Nimelinunua jana!"

"Si ulisema siku ya kwanza robo inaanguka palepale mlangoni?"

"Linapotoka dukani, mama! Hili halijatoka!"

"Ndiyo maana nimepunguza zaidi."

Punguzo akakaa kwenye kizingiti. Theluthi ya saluni ni nini? Kioo na kiti kimoja. Alikuwa bado akihesabu njia ya kwenda kwa mama yake, mke wake alipoingia dukani, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Alikuwa ameambiwa aje saa tano kuona gari likiondoka kwa heshima, na habari za wale watatu wa mwanzo alizisikia tangu nje ya mlango.

Alimwangalia mume. Akaangalia gari. Akaangalia kuta nne. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nipe karatasi," akasema.

Akaisoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya neno, kama anayetafuta chawa. Akafika mahali, akasimama, akarudi nyuma.

"Hii 'na' ameiandika nani?"

"Mimi," Punguzo akasema, macho chini.

"Gari kama lilivyo *na* mahali lilipo." Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yangu, umeuza vitu viwili. Gari, hili hapa." Akaanza kutembea kulizunguka, hatua kwa hatua. "Na mahali lilipo. Hapa, mpaka hapa, mpaka pale kwenye kuku."

Cherehani ikanyamaza. "Hiyo ni lugha ya sheria tu. Mumeo mwenyewe kaniambia."

"Huyu anasema mengi. Lakini hiki amekiandika, na dole gumba ni lako. Twende kwa hakimu atusomee? Tumpelekee na karatasi za wale watatu wa mwanzo, azione zote pamoja."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama yule mwanamke kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa tepu.

"Mwanangu, wewe umezaliwa na nani?"

"Na muuza mkaa wa debe, mama."

"Nilijua tu! Njoo ukae, unywe maji."

Walizungumza mpaka adhuhuri, na hakuna aliyemuuliza Punguzo kitu. Yule kijana wa kuchomelea aliezeka mabati kutoka ukuta wa jirani hadi juu ya gari, kioo kikatundikwa, na saluni ikafunguliwa uani bila kodi, maadamu gari bado lipo. Wateja walipita dukani kwa fundi, na wengi walisimama kupimwa gauni. Waliosubiri zamu walikaa kwenye viti vya ngozi.

"Na fedha zako, mke wangu?" Punguzo aliuliza siku moja, akiwa na beseni la maji ya kuoshea nywele.

"Ziko ndani ya gari. Nazisubiri."

Wiki ya tatu akaja mtu kupunguziwa mikono ya koti. Alikuwa dalali wa upande wa pili wa mji, jina lake Miwani, aliyewahi kumpokonya Punguzo wateja wawili na kumcheka hadharani. Fundi akamtuma nyuma akajaribu koti. Akarudi nusu amevaa, uso umejaa msiba.

"Mama, lile gari ni la nani?"

"La familia, mwanangu."

"Naona huruma, mama. Unajua gari linavyoshuka?"

"Sijui," fundi akasema. "Chaki hiyo hapo."

Miwani alichora, akaeleza, akapatana. Bei ilitosha kurudisha bahasha ya msusi na kumwachia fundi cha juu. Lakini kabla ya kutoa kalamu, akamvuta Punguzo pembeni.

"Ndugu yangu, biashara ni biashara, lakini mimi na wewe ni watu wa kazi moja. Wewe uko hapa kila siku. Niambie kweli. Lina tatizo?"

Uani kitana kikasimama katikati ya kichwa cha mteja. Dukani mguu ukasimama juu ya pedali ya cherehani. Punguzo alitazama beseni mikononi mwake. Akamtazama mkewe, ambaye hakufumba wala hakukonyeza.

"Injini haijaguswa," akasema.

Miwani akatabasamu. "Basi ngoja niandike mkataba."

"Usijichoshe, shemeji," msusi akaitikia kutoka nyuma, akipangusa mikono. "Nimeshauandika. Kama lilivyo, koma, mahali lilipo."

"Koma ya nini?"

"Lugha ya sheria tu," akasema, akampa kalamu.