Skripti Yangu ya Ndiyo

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa. Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu! Mkurugenzi ametangaza kikaoni kwamba kiti kitakwenda kwa atakayefanikisha kazi moja tu: programu ya wodi, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ifanye kazi katika hospitali zetu zote tatu. Programu ni yangu. Nimeiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, peke yangu. Kwa hiyo kiti ni changu.

Tatizo dogo ni mashine. Hapa ofisini, kwenye hospitali kuu, tuna Unix mpya, yaani mfumo unaoendesha kompyuta. Hospitali ya uzazi ina Unix ya zamani, kwenye kompyuta kubwa kama friji na yenye kunguruma kuliko friji. Hospitali ya macho ina Unix ya tatu, hakuna anayekumbuka nani aliileta. Zote tatu zinajiita Unix kama ndugu wanaotumia jina moja la ukoo na hawasalimiani.

Shemeji akanyoosha mkono. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Kazi nilimwombea mimi, mjinga mimi, na kochi analolalia ni langu. Akasema tusikurupuke. Kwanza tuandike skripti, yaani orodha ya amri, ya kukagua kila mashine, ina nini, haina nini, inaandikaje namba, halafu programu ijirekebishe kufuatana na majibu. Mkurugenzi aliandika maneno yake yote. Mimi nilipoongea alikuwa anafuta miwani.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda hospitali ya uzazi kumaliza kazi kabla Shemeji hajaanza. Nikaipa maandishi yangu kompaila ya pale, yaani ile programu inayogeuza C kuwa kitu mashine inachokielewa. Haikuelewa. Makosa yakatiririka kwenye kioo cha kompyuta mpaka nikaona aibu mbele ya nesi. Ililalamikia mstari mmoja, nikaufuta. Ikalalamikia mwingine, nikaufuta nao. Kufikia mchana ilikuwa imeacha kulalamika, lakini programu nayo ilikuwa imeacha kufanya chochote. Nimerudisha mistari yote.

Faida moja: nimegundua kuna kiswichi cha kuzima maonyo ya kompaila. Ukikiwasha, kimya! Laiti kingekuwepo cha Shemeji.

Nyumbani nimemkuta anamweleza mke wangu skripti yake. Mke wangu anasikiliza, shavu mkononi. Mimi nilipomweleza programu yangu, miaka ile, alisinzia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata wazo. Nimelipata bafuni, huku Shemeji akigonga mlango.

Mkurugenzi hajui C. Anachokijua ni kile anachokiona kwenye kioo. Skripti ya kweli ya kukagua ikifanya kazi huonekanaje? Mistari inapita: inakagua hiki, ndiyo, inakagua kile, ndiyo. Basi. Nimeandika skripti inayosema hayo. Haikagui kitu. Kila mstari inatulia kidogo, kama inafikiri, kisha inasema ndiyo. Mahali pawili nimeweka hapana, isionekane inajipendekeza. Mwisho inadai kwamba mashine yoyote ile inafanana na ya ofisini kwetu.

Na kompaila ya uzazi? Ile mistari iliyoikataa nimeiandika upya kizamani, na maonyo nimeyazima. Imepita!

Maonyesho ni kesho. Shemeji naye ataonyesha ya kwake. Ila nimemwambia, kwa upole kabisa, kwamba Mkurugenzi amesogeza maonyesho mpaka wiki ijayo, na kwamba kesho anatakiwa hospitali ya macho, ng'ambo ya mji. Akanishukuru. Akasema, "Shemeji, wewe ndiye unayenijali pale kazini." Nikamwambia asijali, sisi ni ndugu.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Mistari imepita kwenye kioo polepole, kwa heshima zake. Ilipofika kwenye hapana ya kwanza, Mkurugenzi alishika kifua. Ilipomalizia na ndiyo ya mwisho, alipiga makofi. Aliuliza Shemeji yuko wapi. Nikasema vijana wa siku hizi, sijui. Ameagiza programu iwashwe uzazi leo leo.

Nimekaa kidogo kwenye kiti cha mkuu alipotoka kwenda chai. Kinazunguka.

Jumatatu, 11 Machi

Simu asubuhi, kabla sijavua koti. Ni mkunga mkuu wa uzazi, mama mmoja mwenye sauti ya kufungulia milango. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye hii programu. Nikakiri kwa fahari.

"Basi, mwanangu, njoo umwone mtoto wako. Amezaliwa jana ana kilo thelathini na mbili. Tumtafutie shule au tumtafutie kazi?"

Nimekwenda mbio. Kumbe mizani yao hutuma uzito kwa baiti mbili, yaani namba iliyokatwa vipande viwili. Mashine ya ofisini huanza kusoma upande mdogo wa namba, ile friji yao huanza upande mkubwa. Skripti yangu ilikuwa imeapa kwamba zinafanana. Baiti zimepishana. Mtoto wa kilo tatu na kitu amekuwa mwanafunzi.

Nikajaribu kucheka. Mkunga hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba cha joto, akanionyesha mtoto mwingine, kakunja ngumi, mdogo kama kifurushi. Kilo mbili na kidogo. Orodha ya watoto wenye uzito mdogo, wa kuletwa chumba hiki, huchapwa na programu yangu, na programu ilimwandika ana kilo kumi na tatu. Hakuwa kwenye orodha. Mkunga alimwona kwa macho yake akambeba mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana. Akasema asante hata hivyo.

Pale sikuwaza kiti hata kidogo. Halafu nikawaza kwamba kosa hasa ni la mizani.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Mkurugenzi kwamba kosa ni la mizani. Alikuwa ameshaifungua skripti yangu. Hajui C, lakini anajua kusoma, na skripti nzima ni neno "ndiyo" limerudiwa kurasa mbili. Alinisomea yote kwa sauti mbele ya kitengo. Hapana zile mbili alizisoma kwa mkazo.

Kisha Shemeji akaingia. Ijumaa yote, kule nilikomtupa, hakukuwa na wa kumsumbua, wala mimi. Ameitengeneza skripti yake mpaka ikaielewa mashine ya macho. Leo ameiendesha uzazi. Imeuliza friji inaandikaje namba, friji imejibu, watoto wamerudi kwenye kilo zao. Nilisubiri aniumbue kwa uongo wa Ijumaa. Akanitazama tu, vile unavyomtazama mgonjwa.

Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 14 Machi

Kiti amepewa Shemeji. Kazini namwita mkuu. Nyumbani namwita shemeji, na bado anaingia bafuni kwanza. Mke wangu ameoka keki. Ameniuliza kwa nini sionekani kufurahi, si ni mimi niliyemwombea kazi?

Nimekula vipande viwili. Imeungua chini.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu amenipa kazi ya adabu. Niandike majaribio: kila programu ikishakompailiwa, kwenye mashine zote tatu, ijaribiwe kwa watoto wa kila uzito, wakubwa kwa wadogo, kabla haijagusa wodi. Amesema hakuna anayejua kuliko mimi jinsi mambo yanavyoharibika. Amesema kwa nia njema. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

Nimeandika jaribio moja. Nusu siku! Yamebaki arobaini. Nikafungua mwongozo wa Unix, natafuta pa kupumulia, nikakutana na amri moja fupi sana: true, yaani kweli. Sikuwahi kuitilia maanani. Haifanyi chochote. Ukiiita, inajibu tu kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Nimeiweka kwenye majaribio yote arobaini.

Yamefaulu yote. Uzazi yamefaulu. Macho yamefaulu. Mkurugenzi amepita nyuma ya kiti changu, ameona kioo kimejaa, amenigusa bega na kusema naona umebadilika.

Na uzuri wake, iko vilevile kwenye Unix zote tatu. Hatimaye nimeandika kitu kinachokwenda kwenye mashine yoyote bila kurekebishwa.