Nikaha ya Lubna Itaonekana Maskati

Jumapili, 7 Disemba

Leo nimejitwisha kazi. Hakuna aliyeniomba. Ndiyo raha yake.

Kikao cha harusi kilikuwa hapa nyumbani, Malindi. Binti yetu Lubna anaolewa Ijumaa na Yaseen, mwana wa Mzee Mujahid. Pilau imepangwa, viti vimepangwa, maua yamepangwa. Likabaki moja. Bi Zakiya, shangazi aliyemlea mke wangu Hafidha tangu akitambaa, yuko Maskati na miguu haimruhusu kusafiri. Amesema hataki picha za kuletewa baadaye. Anataka kuiona nikaha pale pale inapofungwa. Alimwambia Hafidha kwenye simu kwamba Mungu asimchukue kabla hajaiona. Hafidha alilia hata chai ikapoa.

Shemeji yangu Farjallah, ndugu yake Hafidha, akakohoa. Ana kikohozi chake cha kutangaza. Akasema kazi hiyo aachiwe yeye, kwa kuwa ana simu mpya. Akaipitisha watu waishike. Nyuma ina kamera nyingi kama macho ya nzi. Watu wakasema mashallah.

Mashallah ya nini? Simu! Nikasimama. Nikasema shughuli ya heshima hairushwi kwa kitu cha kutiwa mfukoni. Nikasema mimi ninayo kompyuta. Hafidha akanivuta kanzu kwa nyuma. Nikamalizia hivyo hivyo, kanzu ikiwa imevutwa: Maskati wataona hadi jasho kwenye pua ya kadhi!

Farjallah akauliza kama ni ile ile niliyoinunua Mtwapa kwa Charo, muuza mitumba. Nikamwambia ndiyo, na imara vile vile. Akasema haya shemeji, yeye atakaa kando na simu yake, endapo.

Endapo! Watu wameachana kwa maneno madogo kuliko hilo.

Jumatatu, 8 Disemba

Niliwasha kompyuta baada ya chai ya asubuhi. Ilifunguka karibu na adhuhuri. Si mbovu. Inafikiri.

Ikataka neno la siri. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena, nikibonyeza kwa nguvu zaidi ili ijue sina mchezo. Ikakataa. Kisha ikajifanya yataka kunisaidia. Ikaniuliza swali nililoliweka mwenyewe zamani: jina la mpenzi wako wa kwanza ni nani?

Hapo hapo Hafidha akaingia na sahani ya mahamri. Nikaandika Hafidha, huku nikilitamka kwa sauti. Ikakataa. Nikasema labda nilikosea herufi siku hizo, nikaliandika namna nyingine. Ikakataa. Hafidha akaiweka sahani chini polepole. Akaniambia nisimwonee haya, nijaribu hao wengine.

Nikamuuliza wengine gani. Akasema mimi ndiye ninayewajua.

Jasho! Wallahi hakuna wengine. Nilitaka niizime, niseme umeme umekatika. Ndipo nikakumbuka. Nikaandika jina langu mwenyewe, Muhidin.

Ikafunguka.

Hafidha alicheka hata akashika ukuta. Akasema lau ningemuuliza yeye, angenijibu tangu mwanzo, mpenzi wangu wa kwanza humwona kila siku mbele ya kioo. Akarudi jikoni na sahani yake. Mahamri sikuyaonja. Si kitu. Niko ndani!

Jumanne, 9 Disemba

Mwaliko. Niliuandika mwenyewe kwa simu yangu na kuutuma kwenye grupu la harusi, ambamo wamo wakwe zetu wote, upande wa Mzee Mujahid. Farjallah alikwisha andaa wa kwake wenye maua yanayocheza. Nikawahi.

Nilichoandika: Familia ya Muhidin inawakaribisha katika harusi ya binti yetu Lubna. Kilichokwenda: Familia ya Muhidin inawakaribisha katika hasara ya binti yetu Lubna. Na chini yake: Bwana hasara na jamaa zake watawasili baada ya Alasiri.

Simu inajifanya inajua Kiswahili kuliko mimi niliyezaliwa nacho!

Sikubabaika. Nikaufuta upesi. Simu ikaniuliza nifute kwangu au nifute kwa wote. Swali la kijinga. Ujumbe ni wangu. Nikabonyeza kwangu. Ukatoweka. Nikamshukuru Mungu, nikaagiza kahawa.

Zeina, mke wa Farjallah, akaanza kutuma vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Kisha Mzee Mujahid akapiga simu mwenyewe. Sauti ya upole, ile ya kutisha. Akauliza kama kuna lolote tumesikia juu ya kijana wake. Nikamwambia hakuna, na ule ujumbe haupo tena duniani. Akanisomea. Nikamwambia basi simu yake ina kasoro, aizime aiwashe. Akaizima, akaiwasha, akanipigia, akanisomea tena.

Hafidha naye akaja kunionyesha kwenye yake. Nikamwambia nayo ni mbovu. Akanionyesha ya Lubna. Mbovu. Kumbe ukoo mzima una simu mbovu isipokuwa mimi! Mwishowe Hafidha alimpigia mke wa Mzee Mujahid, akaomba radhi kwa niaba yangu. Mimi sikuomba. Siwezi kuomba radhi kwa kitu ambacho kwangu hakionekani.

Farjallah ameandika kwenye grupu kwamba anatuombea tuvuke salama hasara hii.

Atanitambua.

Alhamisi, 11 Disemba

Jaribio na Maskati. Nyumba yetu imepakana ukuta kwa ukuta na msikiti, na mtandao wetu unafika hadi uani kwake, ambako nikaha itafungwa. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda pale uani, nikamwita Bi Zakiya. Akatokea! Safi kabisa. Nikampa shikamoo. Akauliza kwa nini wamempa sungura aongee naye.

Nikajitazama. Masikio marefu, meupe, yananitoka kichwani. Nikasogea kulia, yakasogea kulia. Nikavua kofia, yakabaki. Nilibonyeza kila penye kubonyezeka. Nikaota masharubu.

Bi Zakiya alicheka hata akakohoa. Akasema niyaache tu, yamenikaa. Kisha, bila ubaya wowote, akasema Farjallah alimpigia jana kwa ile simu yake na aliona hadi nyuzi za kofia yake. Nikamuuliza alimpigia kwa mtandao gani. Akasema alimsikia akimwambia Hafidha kwamba mtandao wa nyumba hii una kasi nzuri.

Mtandao wangu! Anakuja kutoka Kilifi, anakula kwangu, ananipindua kwa mtandao wangu!

Nikaenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha mtandao. Nikabadilisha neno la siri. Baada ya muda mfupi nikamsikia Farjallah sebuleni akiuliza kama kuna mwengine aliyekatikiwa. Sijasikia sauti tamu kama ile tangu Lubna alipoanza kusema baba.

Intaneti ya simu pale msikitini ni ya kubahatisha, watu wakijaa hufa kabisa, hubaki simu ya kupiga tu. Kesho hana njia. Nimelala mchana kama mtoto.

Ijumaa, 12 Disemba

Naandika nikiwa bado na kanzu ya harusi.

Baada ya Alasiri uani palijaa. Kadhi ameketi, Yaseen ameketi, Mzee Mujahid ameketi, hanitazami. Nikafungua kompyuta. Ikasema haina mtandao. Ikataka neno jipya la siri. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa.

Kadhi akauliza walii yuko wapi. Walii ni mimi, baba wa bibi harusi. Nikasema naja, mtandao tu. Akasema yeye hangoji mtandao, amekuja kuoza.

Farjallah akachutama kando yangu. Akanong'ona kwamba simu yake imekwisha chaji. Tangu asubuhi anapiga picha: pilau, watu, kofia, paka. Macho yote yale ya nzi, na yamefumba. Hakufurahi. Nami, ajabu, sikufurahi vile nilivyotarajia. Akasema nimpe neno la siri aandike yeye, vidole vyangu vinakosea.

Nikamwambia nitaandika mwenyewe. Akasema shemeji, shangazi anangoja. Nikaangalia huku na huku. Nikalisema chini chini. Hakusikia. Kadhi akasema tafadhali liseme kwa sauti, tumalize.

"Farjallah hapati," nikasema. "Neno moja. Herufi ndogo."

Ua mzima ukageuka kumtazama Farjallah. Hata watoto.

Farjallah akaivuta kompyuta kwake. Akabonyeza kitufe kimoja pembeni, akisema herufi kubwa zilikuwa zimefunguliwa. Akaliandika jina lake, na kwamba hapati, kwa kidole chake mwenyewe. Mtandao ukashika mara moja! Na kompyuta, ilipoonja mtandao tu, ikaingia buluu kioo kizima na kuandika kwamba inajisasisha, isizimwe.

Nilitamani kuitupa kisimani. Niseme kweli, hapo nilimfikiria Bi Zakiya amekaa mbele ya kioo cheusi na mtandio wake mzuri.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwangu. Kwa sauti ya juu, ndani ya ua wa msikiti. Bi Zakiya! Akauliza mbona haoni kitu, kwani kumekuchwa? Nikamwambia asikate. Nikabonyeza spika. Kadhi akanitazama, akaitazama simu, akasema mleteni naye asikilize.

Nikaketi mbele ya Yaseen. Nimeinua simu kwa mkono wa kushoto. Kadhi akaniambia nimshike kijana mkono wa kulia na niielekeze akili yangu hapa. Mkono wa simu ulikuwa unanishinda, unashuka shuka. Farjallah akanyoosha mkono wake. Nikaitazama ile simu. Nikaitazama ile sura yake.

Nikampa.

Akaisogeza karibu na mdomo wangu, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa maji. Nikasema, nimekuoza binti yangu Lubna. Yaseen akasema, nimekubali kumuoa. Sauti safi, haikuyumba. Na kutoka Maskati, ndani ya ua wa msikiti, mbele ya wanaume peke yao, Bi Zakiya akapiga vigelegele.

Kadhi alijifanya ana kitu jichoni.

Mzee Mujahid akacheka. Kwanza yeye, kisha ua mzima. Bi Zakiya akasema sura ya kijana hakuiona lakini sauti kaisikia, na mtu mwenye sauti ile hatamtesa Lubna wake. Akawa analia na kucheka pamoja. Hafidha, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta na Lubna, naye nikamsikia vivyo hivyo.

Tulipokuwa tukila, Farjallah alisema sauti yangu ilitetemeka kidogo pale. Nikamwambia ni mtandao.

Jumapili, 14 Disemba

Kompyuta imemaliza kujisasisha. Inakwenda vizuri ajabu! Siku mbili tu angengoja yule kadhi.

Nimeandika kwenye grupu kuwashukuru wote walioifuatilia nikaha moja kwa moja hadi Maskati, kwa mitambo yangu. Zeina ameuliza mitambo gani. Nimeizima simu. Hafidha amenitaka nimwombe Farjallah radhi kwa lile neno la siri. Nimembadilishia. Sasa ni jina lake peke yake. Nadhani hiyo yatosha kwa mtu mzima.

Mchana alikuja rafiki yangu Dzombo kutoka Marafa. Naye anaoza binti mwezi ujao. Alikuja kuazima sufuria. Nikamwambia sufuria atapata, lakini sufuria zitaonekana na nani? Harusi ya Marafa inataka kupigwa picha kutoka juu! Akasema yeye anahitaji sufuria tu. Ni mtu mnyenyekevu sana. Nimempigia Charo. Anacho kidege cha kamera, kinaruka chenyewe. Bawa moja limeunganishwa kwa gundi, lakini Charo anasema hilo halifanyi kazi nyingi.

Jumatano, 17 Disemba

Kidege kimefika. Kitabu cha maelezo ni cha Kichina, kwa hiyo hakikunipotezea wakati. Nimekirusha uani kabla ya Magharibi. Kilipanda vizuri mno! Kikazunguka mnazi, kikaniangalia, kikashika njia ya baharini.

Farjallah alikuwapo. Akauliza kama kimetumwa au kimekwenda. Nikamwambia kinajaribu kasi.

Hafidha anasema nifunge dirisha, mbu wanaingia. Silifungi. Kitapitia wapi kikirudi?