Ukuta Unaotoka Jasho

Jumatatu, tarehe 3

Ukuta wa chumba cha wageni umetoka jasho tena. Ule wa nje, upande wa baridi. Matone yanateremka polepole, na pembeni ukungu mweusi. Mama mkwe anakuja Jumamosi na kifua chake kibovu. Mke wangu kasema wazi: chumba kisipokauka, mama atalala naye kitandani kwetu, mimi nihamie kwenye kochi. Kochi letu ni la watu wawili wafupi. Mimi si mfupi.

Mbaya wangu nimeshamjua. Ni yule fundi mwashi mstaafu wa ghorofa ya juu, anayemwagilia maua yake dirishani kila asubuhi. Nimebandika barua ya malalamiko kwenye mlango wa jengo. Kurasa mbili!

Jumanne, tarehe 4

Nimeziba matundu ya hewa kwa matambara, na dirisha kwa selotepu. Unyevu wa nje upite wapi sasa? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walijua.

Mke wangu akauliza nguo mbichi zilizotundikwa humo zitakaukaje bila hewa. Nikamwambia avute subira.

Jumatano, tarehe 5

Ukuta umezidi.

Fundi kashuka, barua yangu mkononi. Hakugomba hata kidogo, jambo lililoniudhi sana. Akasema maji hayatoki kwake. Eti ni mvuke wetu wenyewe, wa nguo mbichi na sufuria zisizofunikwa, unageuka maji ukikutana na ukuta baridi. Eti tufungue dirisha. Kwenye baridi hii!

Akabandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote. Tukapatana tutazame Ijumaa. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wetu, nami nitaibandua barua mbele ya wapangaji wote na kumwomba radhi. Kikilowa kwa nyuma, ukuta unavuja, naye atautengeneza kwa mikono yake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, tarehe 6

Nimechungulia. Nailoni imelowa upande wa chumbani. Chapachapa!

Nimekunywa chai, nimefikiri. Kisha nikaifuta kwa taulo, nikabandua kona moja, nikapulizia maji kwa nyuma kwa ile chupa ya kupigia pasi, nikabandika tena. Sikuona kuwa ni uongo. Ukweli ulikuwa umechelewa njiani, nikaenda kuupokea.

Ijumaa, tarehe 7

Ushindi! Fundi akaitazama nailoni. Akaitazama ile kona. Akanitazama mimi. Akasema kumbe alikosea, nimwie radhi. Nikamsamehe kwa moyo mkunjufu.

Kisha akasema ahadi ni deni. Ukuta unaovuja lazima ubanduliwe plasta yote, upigwe nyingine, uachwe ukauke. Mwezi mzima chumba hakilaliki. Akauliza, kwa upole wake ule ule, kama nina neno la kusema kabla hajashika patasi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Neno nilikuwa nalo. Lilifika mpaka kooni, nikalimeza. Nikamwambia fundi apige kazi.

Jumamosi, tarehe 8

Mama mkwe kafika. Begi lake limewekwa upande wangu wa kitanda.

Plasta imebanduliwa yote. Nyuma yake matofali ni makavu kama biskuti. Fundi alinishika tu mkono, akauweka kwenye tofali, akauacha hapo kwa muda. Mke wangu akasema nilikuwa naziba ufa, na sasa tunajenga ukuta. Mama mkwe alicheka mpaka kifua kikambana. Iliniuma, sitaficha.

Jumapili, tarehe 9

Kochi. Miguu inaning'inia tangu magotini.

Nguo mbichi zimehamia sebuleni, juu ya kichwa changu. Mama mkwe anachemsha maji ya kujifukiza mchana kutwa, sufuria wazi. Mimi baridi siiwezi, kwa hiyo nimefunga dirisha na kuziba matundu yote kwa yale yale matambara.

Asubuhi hii tone limeniangukia puani. Nikainua macho. Ukuta wa sebuleni unatoka jasho!

Upande huu, huko juu, anakaa fundi cherehani. Mama mpole, ananisalimia kila siku. Lakini nimeambiwa ana pasi ya mvuke.

Barua nimeianza. Niko ukurasa wa pili.