Kuta Zangu na Leso ya Rukia

Leo msiningoje barazani. Nimeumbuka, na sababu naiandika humu kundini kwetu kwa kuwa kuisema kwa mdomo siwezi.

Mnajua mke wangu Rukia alikwenda Majengo kujifungulia kwa mamake. Arubaini zimekwisha tangu wiki jana. Lakini mama mkwe akaleta neno: "Mjukuu wangu halali penye kuta zibandukazo chokaa. Paka rangi kwanza, nije nione." Yaani nisipopaka, mke sina na mtoto sina!

Sasa mimi na rangi wapi na wapi? Muuzaji dukani aliniuliza, "Wataka rangi gani na gani?" Nikamjibu, "Nzuri." Akacheka, akaniambia nirudi nikishajua.

Nyumbani nikaiona leso ya Rukia kitandani. Katikati rangi ya maziwa, kisha mstari wa kijani, kisha pindo la damu ya mzee. Zinapendana ajabu! Lakini niipeleke vipi dukani? Mwanamume mzima nipite Makadara na leso ya mke begani, watu wanione? Hata! Nikachukua mkasi, nikakata kipande ukubwa wa kiberiti, pale rangi zote tatu zinapokutana, nikakitia mfukoni. Leso nikaikunja vizuri. (Nilidhani hataona. Msiniulize nilidhani vipi.)

Siku tatu nimepaka. Juu maziwa, chini damu ya mzee, katikati mstari wa kijani upana wa kidole. Chumba kiling'ara, hata mimi nilikaa nikikitazama.

Leo saa kumi wakaja, Rukia na mtoto, mama mkwe mbele yao. Akazunguka chumba chote, akapitisha kidole ukutani.

"Mashaallah! Nani alokutagulia rangi?"

"Nimezichagua mwenyewe, mama. Ni jicho tu."

(Jicho!)

Akatabasamu. Nikajua mke nimempata. Ndipo Rukia akaikunjua leso amtandikie mtoto. Tundu hilo! Na upande wa pili wa tundu, mama mkwe ananitazama.

"Ah, panya hawa!" akasema Rukia.

"Wamezidi," nikadakia upesi.

"Panya gani akata mraba?" akauliza mama mkwe. "Leso hiyo nilimpa mimi."

Akaichukua, akaibandika ukutani, mstari juu ya mstari. Jamani, tundu likapotea! Maziwa kwa maziwa, kijani kwa kijani, damu ya mzee kwa damu ya mzee. Rukia akainua kikapu cha nguo za mtoto, nami nikaiona safari ya Majengo waziwazi.

Mara mama mkwe akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa kitandani. "Kitue kikapu, mwanangu. Mumeo ni mwongo, lakini kuta kazipaka."

Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu nilipoushika mkasi. Mtoto amelala hapa ubavuni mwangu ninapoandika, na Rukia yuko jikoni, bado anacheka.

Ila adhabu ipo. Kesho baada ya alasiri niende kutafuta doti mfano wa ile, na nisije nikakosea rangi, niende na leso yenyewe.

"Si mfukoni," amesema mama mkwe. "Begani."

Basi mkiniona kesho Makadara, tafadhalini, tazameni viatu vyenu.